Nilivyobadilisha diski nne za seva bila kupoteza faili hata moja

Ofisini kwetu tunapima viwanja. Tangu serikali ihamie Dodoma kazi haikauki: leo Nala, kesho Ihumwa, keshokutwa Iyumbu, na siku hizi hakuna anayekwenda saiti bila droni. Asubuhi moja ya kurusha droni huleta picha za gigabaiti 60 au 70, na zote huishia kwenye seva yangu iliyo katika kichumba nyuma ya stoo ya bikoni za mipaka ya viwanja. Naiita yangu kwa sababu ikizima, anayepigiwa simu ni mimi.

Niliiunda mwaka 2015 kwa diski 4 za terabaiti 2 kila moja, nikaziunganisha kwa RAID 5 ya Linux, mpangilio unaozifanya diski kadhaa kuwa hifadhi moja. Katika mpangilio huo nafasi ya diski moja huliwa na pariti, yaani hesabu zinazowezesha kukitengeneza upya kilichokuwamo kwenye diski ikifa. Tulikuwa na terabaiti 6 za kutumia. Mwezi Oktoba zilibaki gigabaiti 300.

Bosi akaniita. "Mdogo wangu, nasikia vijana wanafuta picha za zamani wapate nafasi. Kweli?"

Nikamwambia kweli.

"Tafuta diski kubwa. Lakini ramani ya mtu ikipotea, mimi na wewe tutapanda kizimbani pamoja."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana usiku uliotangulia nilikuwa nimezipima diski zote kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, na ya pili ilikuwa na sekta 8, yaani vijisehemu vya diski, zisizosomeka vizuri.

Nilianza na bakapu, yaani nakala ya akiba. Wengi hudhani RAID ni bakapu. Diski ikifa itakuokoa, ndiyo, lakini mtu akifuta folda, RAID itaifuta kwa uaminifu uleule kwenye diski zote nne. Nilinunua diski ya nje ya terabaiti 8, nikanakili kila kitu kwa programu ya rsync, kazi ya saa 16 hivi, kisha nikairudia rsync kwa kulinganisha yaliyomo badala ya tarehe na ukubwa tu. Diski hiyo ikaenda kulala nyumbani kwa bosi, Kisasa.

Diski mpya niliagiza Dar es Salaam, 4 za terabaiti 6. Zilipofika nikasoma namba za modeli kabla ya kufungua mifuko, na bahati nzuri nilifanya hivyo. Mbili kati yake zilikuwa za aina ya SMR, ambazo njia za data zimelaliana kama vigae vya paa. Ukiandika juu ya njia moja, diski inalazimika kuandika upya na za jirani. Kwa kuhifadhi sinema nyumbani hazina neno, ila ukizitumbukiza kwenye RAID inayojijenga upya zinaweza kuzubaa mpaka mfumo uzitoe ukidhani zimekufa. Muuzaji alibisha kwanza, "Kaka, diski ni diski," mwishowe akabadilisha. Zote nne nikazijaribu kwenye kompyuta nyingine, kuandika na kusoma kila sekta, karibu siku nzima kwa kila diski. Diski hufa zaidi ikiwa changa au ikiwa kizee, na ile changa nilitaka ifie mezani, isifie ndani ya seva.

Sasa jinsi ya kubadilisha. Njia ambayo wengi huijua ni kuchomoa ya zamani, kuchomeka mpya na kuisubiri RAID ijijenge. Inafanya kazi, lakini muda wote huo seva inatembea na gongo. Diski tatu zilizobaki lazima zisomeke mwanzo hadi mwisho bila kosa, na zilikuwa na umri uleule na ile iliyotoka. Ukifanya hivyo mara nne, umecheza kamari mara nne.

Seva yangu ilikuwa na nafasi moja wazi. Nafasi hiyo ndiyo iliyookoa kazi yote. Unachomeka diski mpya pembeni, unaiongeza kama akiba, kisha unaiambia mdadm, programu ya Linux inayosimamia RAID, kwa amri ya --replace kwamba hii ichukue nafasi ya ile. Ya zamani inabaki kazini huku ikinakiliwa. Kunakili kukigonga sekta mbovu, data yake inakokotolewa kutoka kwa diski nyingine, halafu safari inaendelea. Ya zamani hutoka baada tu ya mpya kukamilika. Nilianza na ile ya sekta 8.

Mtego mmoja wa kuuruka haraka: diski za zamani zilikuwa na jedwali la MBR, yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa, ambalo kwa sekta za baiti 512 halivuki terabaiti 2 na kidogo. Ukinakili jedwali la zamani kama lilivyo, diski ya 6 itakaa humo ikiwa na ukubwa wa 2. Mpya nilizigawa kwa GPT, jedwali la kisasa lisilo na kikomo hicho.

Nilianza Ijumaa saa 12 jioni, wapimaji wakiwa wameshaondoka. Joto la Novemba mnalijua. Diski zilifika nyuzi 51, nikaondoa ubavu wa boksi, nikasogeza feni ya mezani, na vumbi nikalizuia kwa kufunga dirisha na kuvumilia. Diski ya kwanza ilichukua saa 4 na nusu, maana kinachonakiliwa ni zile terabaiti 2 tu. Ya pili ikaisha alfajiri.

Jumamosi mchana, diski ya tatu ikiwa asilimia 61, umeme ukakatika. UPS yetu, betri ya kushikilia umeme ukikatika, inamudu dakika 12. Baada ya dakika 8 seva ikajizima yenyewe kama nilivyoipangia, nami nikabaki gizani nikisikiliza kimya. Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Nikaiwasha, nikafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID, mikono ikitoka jasho: kazi ilikuwa imeendelea pale ilipoishia.

Hatari yenyewe haikuwa hapo. Ilipofika zamu ya kutoa diski ya tatu, nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba ni sdd, jina ambalo Linux huipa diski, droo ya tatu kutoka juu. Lakini seva ilipowaka upya majina yalikuwa yamehama, na sdd sasa ilikuwa mojawapo ya zile mpya! Mkono ulikuwa umeshashika kishikio. Kilichonizuia ni karatasi nilizobandika kwenye kila droo zikiwa na namba ya utambulisho ya kiwandani, ambayo haihami. Nikalinganisha, nikatoa ya kweli, nikaenda kunywa chai.

Jumapili asubuhi zote nne zilikuwa ndani. Amri ya --grow --size=max ikatanua RAID, nikaiacha ipatanishe pariti ya eneo jipya, saa 8 nyingine. Ilikuwa imebaki kutanua mfumo wa faili, yaani mpangilio wa mafaili juu ya diski, kazi ya dakika moja. Nikaendesha resize2fs, programu ya kuutanua. Ikakataa: ukubwa mpya hauwezi kuandikwa kwa biti 32.

Nilikaa chini. Mfumo ule wa faili, wa aina ya ext4, niliutengeneza 2015, na matoleo ya wakati ule kwa kawaida yalihesabu bloku, yaani vipande vya nafasi, kwa namba za biti 32. Bloku ni kilobaiti 4, kwa hiyo mwisho wake ni terabaiti 16 za kikompyuta. Mimi nilihitaji 16.3. Ningenunua diski za terabaiti 4 nisingejua habari hii maisha yangu yote.

Ningeweza kuumba mfumo mpya na kurudisha kutoka bakapu, lakini kwa saa zote hizo data yetu ingekuwa kwenye diski moja tu ya USB. Nikachagua kubadilisha palepale: nikaifuata bakapu Kisasa, nikaongeza mafaili ya wiki ile, nikashusha mfumo wa faili kabisa asiuguse mtu, nikaukagua makosa kwa e2fsck, kisha resize2fs -b, inayougeuza uhesabu kwa biti 64. Baada ya hapo kutanua kukapita bila neno. Nililinganisha tena na bakapu. Hakuna kilichopungua.

Jumatatu bosi akafungua folda kwenye Windows yake.

"Umenunua 6 mara nne. Moja inaliwa, zinabaki 18. Hapa naona 16.3. Nyingine iko wapi?"

Nikamweleza kwamba kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta kwa 1,024, ni nafasi ileile kwa vipimo viwili. Akanitazama kama anayemtazama mteja aliyekuja na futi wakati hati imeandikwa mita.

Kabla hajajibu, dada mmoja wa saiti akachungulia mlangoni: "Kaka, naweza kumwaga picha za Iyumbu sasa? Ziko gigabaiti 140."