Kutengeneza sanamu za zege zinazoliwa na chumvi, Bagamoyo

Sanamu za bustani ninayoitunza hapa Bagamoyo ni za zege iliyofinyangwa juu ya nondo na wavu wa kuku, na bahari iko jirani. Kinachoziua ni chumvi. Upepo huileta, zege huinyonya, ikifika kwenye nondo kutu inaanza. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka ipasuke. Ukiona ufa umefuata mstari wa nondo, na michirizi ya hudhurungi chini yake, usikimbilie kopo la rangi.

Naanza kwa kugonga na nyundo ndogo. Palipobanduka ndani hulia kama mtungi mtupu. Hapo naweka alama ya chaki. Nachimba kwa tindo hadi sentimita 2 nyuma ya nondo, naifuata mpaka nikute chuma kisafi, halafu naongeza sentimita 5. Mafundi wengi huishia pale nondo inapoonekana. Mgongo wake unabaki na kutu, na kiraka kinang'oka.

Kutu naikwangua kwa brashi ya waya na msasa, nasuuza kwa maji ya bomba, nakausha na kupaka rangi ya zinki siku hiyohiyo, maana kwa hewa yetu kesho kutu imerudi. Kwenye uso wa sanamu brashi ya waya haigusi kabisa: huacha chembe za chuma zinazogeuka madoa.

Mota ni saruji 1 kwa mchanga 3 wa mto, uliochekechwa. Wa ufukweni siutaki. Maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji, na yasiwe ya kisima chenye munyu. Zege ya zamani nailowesha tangu jana yake. Wakati wa kubandika iwe na unyevu bila kung'aa maji. Kila tabaka lisizidi sentimita 2, na nondo ifunikwe sentimita 3. Vidole na masikio havina unene huo, kwa hiyo ndani yake natumia waya wa chuma cha pua kisichoshika kutu. Kisha magunia mabichi siku 7, na nailoni juu yake, la sivyo upepo wa kusi utayakausha kabla hujamaliza chai.

Ukungu wa kijani unatoka kwa maji na brashi ya nailoni. Jiki inang'arisha haraka, lakini inaacha chumvi ileile tunayoikimbia. Rangi ya mafuta nayo hufungia unyevu ndani. Mimi napaka chokaa nyepesi, mikono mitatu. Sanamu zilizoketi hutuamisha maji mapajani, basi naziwekea mteremko mdogo wa mota.

Za mbao ni chache. Ya mninga inastahimili ikiinuliwa kutoka ardhini, mchwa wasiifikie. Mpingo ukiachwa juani hupasuka, bora ukae ndani. Napaka mafuta ya kitani yaliyochanganywa na tapentaini, nusu kwa nusu. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke: vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.