Kimashine cha sukari na dopamini

Mombasa hii nyumba nyingi zenye mzee mwenye sukari utakipata kile kimashine cha kudunga kidole, bibi yangu kule Kisauni hukiweka kwa mkoba pamoja na tasbihi yake. Kile kijikaratasi cha kutia damu kinafanya kazi kwa umeme, yaani enzaimu, protini ya kuharakisha kemikali zibadilike, inashika glukosi, ile sukari ya damu, elektroni zinatoka, mashine inasoma karenti. Wazo la wanasayansi Clark na Lyons hilo, 1962.

Sasa kuna wataalamu wanataka kupima dopamini, ile kemikali ya ubongo watu wanayoihusisha na furaha, kwa damu kwa njia hiyo hiyo, na dopamini hata enzaimu haihitaji, ukiwa na elektrodi ya kaboni, yaani kile kipande cha kupitisha umeme, na kama volti 0.2 hivi, dopamini yenyewe inaachia elektroni 2 inageuka kemikali nyingine iitwayo kwinoni. Rahisi eh? Ngoja kwanza. Vitamini C na asidi ya yuriki nazo zinaachia elektroni kwa volti karibu na hizo, na kwa damu ziko mara maelfu kwa maelfu kuliko dopamini, ni kumtafuta mtoto aliyepotea kwa umati pale bustani ya Mama Ngina siku ya Idi. Ndo wanapaka elektrodi Nafion, plastiki yenye chaji hasi, vitamini C ikija inafukuzwa manake nayo ni hasi, dopamini yenye chaji chanya inapita.

Lakini mie kinachonikera ni wale wanaosema eti tone la damu litakuonyesha furaha yako. Dopamini haivuki ule ukuta baina ya damu na ubongo, na serotonini, ile kemikali nyingine wanayoihusisha na furaha, zaidi ya 90% inatengenezwa matumboni, kisha inabebwa na chembe sahani za damu. Hapo umepima kichwa ama utumbo?