Punje 54

Swali lile sikulitafsiri. Kwa miaka sita nimekuwa mkalimani wa wageni kila likizo ya Juni, na hiyo ndiyo mara pekee niliyobadilisha maneno ya mtu kwa makusudi.

Tulikuwa uani kwa mama mmoja mjane, kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo, mwendo wa saa mbili hivi kwa kosta kutoka Iringa mjini. Mahindi yametandazwa kwenye turubai, mama anapukuchua huku anazungumza nasi. Kijana mmoja wa Kimarekani, umri wake kama miaka 20, mpole kabisa, akafungua daftari akaniambia, "Mwalimu, naomba umuulize, anajisikiaje kuwa maskini?" Mama akasimamisha mikono, akaniangalia, anasubiri. Nikamwambia, "Anauliza mahindi ya mwaka huu yamekuwaje." Akajibu kwa furaha kwamba Mungu amesaidia, kapata magunia tisa. Nikamgeukia kijana: mama anasema mwaka huu ni afadhali. Akaandika.

Usiku ule usingizi uligoma kuja. Nilikuwa nimewakosea wote wawili. Kijana ametoka mbali kuja kujifunza, mimi nimempa jibu la swali asilouliza. Na mama nimemfanyia uamuzi kama mtoto mdogo, kana kwamba hawezi kujijibia nyumbani kwake.

Wanafunzi walikuwa 12, wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, pamoja na profesa wao, mama wa makamo. Wiki tatu za kusaidia ujenzi wa vyoo vya shule ya msingi na, kama ratiba yao ilivyoandikwa, kujifunza umaskini kwa macho. Walipanda mlima wa Kitonga wamevaa fulana nyepesi, wakidhani Afrika yote ni joto. Juni ya Kilolo ikawapokea kwa ukungu na baridi ya kuuma masikio, na siku ya pili tukaenda mnadani wakanunua masweta ya mitumba.

Kilichonisumbua ni kwamba kwa macho hawakuwa wanaona kitu. Wamekuja wakati wa mavuno. Kila nyumba ina mahindi, watoto wamenenepa kidogo, watu wanacheka, ulanzi unanyweka. Siku ya kwanza mama alituchinjia kuku. Jioni wakikaa kuzungumza, wengine walikuwa wanasema watu hawa hawana kitu lakini wana furaha, na wengine wanalia kwa sababu wameona jiko la mafiga matatu. Nilisikitika kote kuwili. Jiko la mafiga si msiba. Na ile furaha ni ya Juni. Mimi nimezaliwa mkoa huu, najua Februari ya vijijini kwetu inavyokuwa.

Asubuhi nikaenda kwa mama peke yangu, kabla wageni hawajaamka. Nikamwamkia, nikamweleza ukweli: jana kijana aliuliza hivi, mimi nikakwambia vile, naomba unisamehe. Akakaa kimya kidogo, akichokoa moto. Kisha akasema, "Mwalimu, waambie waje wanisaidie kupukuchua. Mtu akimaliza gunia moja kwa mikono yake atajua mwenyewe cha kuuliza." Akatoa na masharti. Ndani kwake wasipige picha. Watoto wasigawiwe pipi barabarani, maana wameanza kukimbilia kila gari. Na mimi, kuanzia sasa, nitafsiri yanayosemwa, yote. Nikakubali.

Kijana naye nikamwambia. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaniuliza, "Sasa ningeuliza nini?" Nikamjibu kwamba sijui, twende tukapukuchue.

Profesa hakukubali mara moja, kwani mchana ulikuwa umepangiwa mhadhara na kazi ya ujenzi. Kwenye ujenzi nako kulikuwa na jambo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaninong'oneza kwamba vijana wanaochanganya zege kwa malipo ya siku wamekaa tu wiki hiyo, kazi yao inafanywa bure na wageni. Nikayaweka yote mawili mezani pamoja. Tukakubaliana fundi na vibarua sita walipwe kama kawaida, wageni wawe wasaidizi wao asubuhi tu, mchana twende kwa mama.

Siku mbili walipukuchua. Asiyejua anaona ni kazi ndogo. Unaanza kwa kung'oa mstari mmoja wa punje kwa kidole gumba, kisha unasukuma mingine iangukie kwenye ile nafasi. Baada ya saa moja gumba linawaka, baada ya mbili ngozi inachubuka. Mama alikuwa anamaliza magunzi matatu wao wakiwa kwenye moja, na hakuangalia mikono yake hata mara moja.

Siku ya tatu nikamwomba mama tufanye hesabu ya mwaka wake chini, kwa mahindi yenyewe. Njia hii niliiona zamani kwa maofisa ugani, wakiwauliza wanakijiji kalenda yao ya msimu. Nikapanga mawe 12 kwenye mstari, kuanzia Julai, kwa sababu kwetu mwaka wa mkulima unaanzia kwenye mavuno. Punje moja ni debe moja. Gunia lina debe sita, magunia tisa ni punje 54. Mama akazihesabu mwenyewe kiganjani, akazimwaga mbele yake.

"Kwanza deni," akasema, akatenga punje 15. Desemba alikuwa amechukua mifuko miwili ya mbolea kwa mfanyabiashara, mmoja wa kupandia, mwingine wa kukuzia, kwa makubaliano ya kulipa mahindi akivuna. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesoma kuwa serikali ilirudisha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23, akauliza kwa nini asinunue ile. Mama akasema ile ni nafuu kweli, ila inalipiwa taslimu, na Desemba yeye taslimu hana.

Kisha punje tisa za shule. Ana watoto wawili, mmoja wa msingi na mwingine kidato cha pili. Ada imeondolewa tangu 2016 mpaka kidato cha nne, jambo lililowatoa wengi gizani, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana bado vinamsubiri mzazi. Punje sita za chumvi, sabuni, mafuta na kusaga. Punje tatu akazishika muda mrefu kabla ya kuziweka: matibabu, na rambirambi, maana msiba haupigi hodi.

Yote hayo ni mahindi ya kuuzwa mapema, Julai, bei ikiwa chini kuliko wakati wowote. Debe lilikuwa shilingi 9,000. Zikabaki punje 21 za kula. Nyumba yake, pamoja na mama mkwe na mpwa anayemlea, inakula debe tatu kwa mwezi. Akaanza kuweka punje tatu kila jiwe. Julai. Agosti. Septemba. Oktoba. Novemba. Desemba. Akaweka tatu za mwisho kwenye Januari, akakung'uta viganja.

Mawe matano yakabaki matupu.

Hakuna aliyesema kitu. Msichana mmoja akawa anahesabu kwa midomo: miezi mitano, tatu tatu, ni 15. Akaangalia lile fungu la mbolea, akaangalia mawe, akaniangalia mimi. Ndipo yule kijana wangu, bila daftari safari hii, akauliza, "Februari unakula nini?"

Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

Mama akasema Februari anakwenda kibarua. Anapalilia mashamba ya watu, analipwa kwa sado ya mahindi au fedha ya kununua. Debe analouza 9,000 Julai, Februari ile iliyopita alilinunua 16,000. Na mwezi huohuo mahindi yake mwenyewe yanataka palizi na mbolea ya kukuzia, lakini yeye yuko kwa watu, na magugu hayamsubiri mtu. Aprili anaanza kuchuma mabichi, boga na maharage, basi wanasogea hadi mavuno. Jirani yake, ekari moja kama yeye, udongo uleule, alipata magunia 17 kwa sababu alipalilia kwa wakati. Pale ndipo nilipoona nyuso zikibadilika. Walikuwa wamejua kwamba mama ana mahindi machache. Sasa walikuwa wanaona ni kwa nini yatakuwa machache tena mwaka unaofuata.

Mmoja anayesoma uchumi akauliza kwa nini asifiche kihengeni akauza Februari. Mama akamtajia wadudu dumuzi wanavyogeuza punje kuwa vumbi kama hujaweka dawa, kisha akasema, "Sikosi mahindi, mwanangu. Ninakosa kusubiri."

Msichana wa kwanza akarudi tena, sauti imeshuka. "Na yule kuku aliyetuchinjia, yuko wapi kwenye hesabu?" Nikatafsiri. Mama akatikisa kichwa. "Yule ni wa wageni. Hahesabiwi." Msichana akainuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Jioni profesa aliwapa mhadhara wake hata hivyo, ukawa mfupi na mzuri kuliko ungekuwa mwanzo. Akawaeleza kipimo cha dola 2.15 kwa siku kilichokuwa kinatumiwa na Benki ya Dunia. Mimi nikaongeza cha kwetu: utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na Watanzania asilimia 26.4 walikuwa chini yake. Mwanafunzi akagawa kwa 30, akapata 1,644 kwa siku. Kesho yake mama akauliza tunaandika nini, nikamwambia. Akafikiri. "Elfu moja mia sita? Julai ninayo. Februari sina." Na lile neno maskini akalijibu bila kuulizwa: "Maskini ni yule bibi wa kule bondeni, hana hata wa kumchotea maji."

Sasa wakataka kuchanga. Punje 15 kwa bei ya siku ile ni shilingi 135,000, na kwa watu 12 ni fedha ya soda kwao. Nilipinga kumkabidhi mama fedha uani pale, majirani wakiangalia, na bado naamini nilikuwa sahihi, ingawa profesa alidhani nina roho ngumu. Sisi tungeondoka, yeye angebaki na maneno ya watu. Nikaomba twende kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, wanawake 20 wanaokutana kila Jumatano. Tukaeleza, tukatoka nje, wakajadiliana zaidi ya saa moja. Wakaamua kwamba fedha itaingia kwenye mfuko wa mbolea, mtu akopeshwe taslimu Novemba, arudishe Desemba ya mwaka unaofuata, bei ikiwa imepanda, asilazimike kuuza Julai. Fedha yote iliyochangwa ilitosha watu wanne tu. Wakapiga kura ya vikaratasi. Mama hakuwamo kwenye wanne wale. Kijana alikasirika akataka kuongeza wa tano, mama ndiye aliyemkataza.

Kama nawe unafanya kazi hii ya kupokea wanafunzi, ninachoweza kukwambia ni kwamba mwenye nyumba umfuate kwanza, peke yako, umweleze ukweli wote, naye ndiye apange. Mimi nilifika kwake nimechelewa siku moja.

Februari nikapata ujumbe wa WhatsApp wa yule kijana kutoka Marekani, salamu ya Kihehe na Kiswahili cha kubahatisha: "Kamwene, Mwalimu. Mama yupo jiwe gani?"

Jumamosi ile nilipanda kosta nikaenda. Nyumba imefungwa. Mama mkwe, amekaa kibarazani na kanga ya kujikinga na manyunyu, akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya mto. Nilimwona kwa mbali, mgongo umeinama katikati ya mahindi ya watu yaliyomfika kiunoni. Ya kwake, pembeni ya njia niliyosimama, yalikuwa yameanza kuwa ya njano chini, na magugu yamefika magotini.

Nikamjibu kijana palepale: jiwe la nane.