Siku moja maishani mwangu: muuguzi katika jaribio la kidonge cha MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo

Saa 1 asubuhi. Nasoma kipimajoto cha kabati la dawa kabla hata ya kuvaa koti. Usiku joto halikupanda. Alhamdulillahi, maana likipita kiwango vidonge vyote vinazuiliwa, na barua za kujieleza hazina mwisho.

Saa 2. Mshiriki wa kwanza, mama mwenye chupa mbili. Moja ni ya dawa mpya, nyingine ya teriflunomide, kidonge cha MS kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Chupa moja ina vidonge vya kweli, ya pili ina vidonge bandia visivyo na dawa. Ipi ni ipi, hajui yeye, hajui daktari, sijui mimi. "Nawe unajua tu, unanificha," ananiambia kila akija.

Tunahesabu vilivyobaki. Vimezidi 4.

"Nilisafiri, mwanangu, nikavisahau."

Naandika 4, simgombezi. Ukimgombeza leo, mwezi ujao atavitupa na hesabu itatoka safi ya uongo.

Saa 3. Damu: ini na chembe nyeupe. Haraka.

Saa 4. Hapa ndipo roho hunidunda. Daktari anayempima mwendo si yule anayemtibu, wala haruhusiwi kusikia madhara ya dawa, yasije yakamfichulia mgonjwa anameza ipi. Teriflunomide hupunguza nywele kwa baadhi ya watu, na mama amekuja akilalamikia nywele. "Jifunge kitambaa, mama, na humo ndani usizitaje." Anatembea mita 7.6 huku akipimwa muda, anapachika vijiti 9 kwenye vitundu. Natoka nje, sina la kufanya humo.

Saa 7. Wali mkononi, simu sikioni. Kijana anasema jicho limeingia ukungu tangu jana. Ni shambulio jipya la MS? Namuuliza joto la mwili: 38.4. Homa huweza kuamsha dalili za zamani, na jicho hilo liliwahi kuugua. Aje leo hii hata hivyo, daktari amwone. Shambulio halihesabiwi kwa maneno ya simu, na kila moja lina uzito katika matokeo: dawa nyingine za MS, evobrutinib mwaka 2023 na tolebrutinib mwaka 2024 zote zilishindwa kupunguza mashambulio kuliko hiyo hiyo teriflunomide.

Saa 10. Kijana ana maambukizi ya koo. Jicho litapimwa tena homa ikishuka.

Saa 11. Kompyuta imeleta swali jekundu: eleza vidonge 4.

Naandika: alisafiri.