Jumatatu ya kwanza ya mfungo, siku Cousins alipotuacha

Wiki hii, Machi 2025, Sam Darnold, kwotabeki wetu wa Minnesota Vikings, amekubaliana na timu ya Seattle, miaka mitatu kwa dola milioni 100.5, na kelele za kinyozini kwetu zimerudi palepale zilipoachwa Machi ya mwaka jana. Mzee wa basi amenuna tangu Jumatatu. Namtazama tu. Mwaka jana, kwenye kiti changu mwenyewe, alisema Darnold hafai hata kubeba maji ya wenzake. Kwa kuwa leo wateja ni haba na saumu imenishika, acha niwaandikie ile siku yenyewe, 11 Machi 2024, alipotuacha kwotabeki aliyemtangulia, Kirk Cousins.

Kwa mlioko nyumbani: nazungumzia ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya kuongezea. Kwotabeki ni yule anayepokea mpira kwanza, kisha akaamua aurushe au ampe mwenzake akimbie nao. Timu ikiwa na kwotabeki mzuri, mji unalala. Sisi Minneapolis hatujalala muda mrefu.

Saa kumi na moja alfajiri

Ilikuwa daku ya kwanza ya Ramadhani. Tena saa zilikuwa zimesogezwa mbele Jumapili yake, kwa hiyo ukutani ni saa kumi na moja lakini mwili unasema saa kumi. Nikala mbaazi za jana kwa mkate, chai ya rangi, glasi tatu za maji. Simu ikalia. Kijana wa Eastleigh, mteja wangu wa kila wiki mbili, aliyekulia Nairobi na Kiswahili chake hakijui adabu, ameandika: "Buda, leo saa tano. Usishike wembe saa tano."

Alikuwa ananionya kweli, na mimi nikacheka. Mtaona.

Saa tatu

Nikapanda treni ya Blue Line pale Lake Street. Majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa ya ajabu, theluji haba, watu wanatembea na makoti mkononi. Mimi hushukia Cedar-Riverside, penye yale maghorofa ya vibao vya rangi. Kituo kinachofuata ni uwanja wenyewe wa Vikings, na hata ukishuka kabla yake unauona: umechongoka mbele kama omo ya jahazi lililopanda mwambani. Humo ndani, kabla ya mechi, hupulizwa pembe kubwa. Mara ya kwanza kuisikia kwenye televisheni nilisimama, mimi mtoto wa Kibokoni, nikadhani wametuletea siwa kutoka Lamu.

Saa nne

Vinyozi wengi hapa hufunga Jumatatu. Sisi hatufungi. Duka ni la Msomali mmoja mpole, na mimi si mwajiriwa wake: nakodi kiti, namlipa kwa wiki, kinachobaki ni changu. Kwa hiyo ukitaka, hata mimi ni mchezaji huru, yaani asiyefungwa na mkataba, ila hakuna anayenipigia simu saa tano.

Nilifagia, nikachovya vichana kwenye dawa, nikatia mashine mafuta. Ukutani juu ya kioo changu ilining'inia jezi ya zambarau, namba 8, ya Kirk Cousins. Mwenye duka aliinunua mwaka 2018, Vikings walipomchukua kutoka Washington kwa milioni 84 za miaka mitatu, zote za uhakika, hata senti moja isiyo na dhamana. Mkataba wa namna hiyo kwa kwotabeki ulikuwa haujawahi kuonekana. Jezi ile imeshakula mvuke na nywele miaka sita.

Wa kwanza kuingia ni Mzee wa basi. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mji huuhuu, dereva wa basi mstaafu. Hana nywele za kunyoa kila wiki lakini huja kila wiki. Alikuwa na kahawa mkononi, akakumbuka kwamba tunafunga, akairudisha kwenye gari. Hilo nimelihifadhi moyoni, hata anapokera.

Saa tano

Utaratibu wao mwaka ule wa 2024 ulikuwa hivi. Mwaka wa ligi ulianza Jumatano ile saa tisa mchana kwa saa zetu. Kabla ya hapo mchezaji aliyemaliza mkataba alikuwa wa timu yake bado. Lakini kuanzia Jumatatu saa tano, timu nyingine ziliruhusiwa kuzungumza na wakala wake. Na wakala tu. Kumpigia mchezaji mwenyewe kulikuwa marufuku, hakuna kutia sahihi, hakuna kukata tiketi ya ndege.

Nilimweleza Mzee kwamba kwetu Mombasa hilo lina jina: posa. Wakala ni mshenga. Bwana harusi hana ruhusa ya kumpigia mtoto wa watu simu usiku. Akapenda mfano huo kuliko nilivyotarajia, na mpaka leo husema "mshenga" kwa lafudhi yake ya kusini mwa mji. (Na ulikuja kutufaa. Juni ya mwaka huohuo timu ya Atlanta walitozwa faini ya dola 250,000 na kunyang'anywa nafasi ya raundi ya tano ya kuchagua wachezaji wapya, kwa sababu walizungumza na Cousins na wenzake wawili kabla ya ruhusa. Cousins mwenyewe alijitoboa, kwenye mkutano na waandishi, kwa kusimulia maongezi yake na watu wa timu. Mzee alinipigia simu kwa furaha: "Walimpigia bibi harusi!")

Kijana wa Eastleigh akafika, na nyuma yake fundi wetu wa breki, mtu wa Goma. Hapo ndipo duka lilipochemka.

Kijana alianza na Russell Wilson. Denver walikuwa wamemwacha huku bado wanadaiwa milioni 39 za mwaka ule. Pittsburgh wakamchukua kwa kima cha chini kabisa, milioni 1.21, na kilichobaki analipa Denver. Yaani anachezea nyumba hii, chakula kinatoka nyumba ile.

"Eda," nikasema. "Anakula matumizi ya eda, na ameshaolewa."

Mwenye duka alicheka mpaka akakaa chini. Kumfafanulia Mzee kulichukua dakika tano, na nadhani hakuelewa vizuri, maana alisema na yeye mkewe wa kwanza alimfanyia hivyo.

Kisha Cousins. Hoja ya Mzee ilikuwa hii: mtu huyu kabla hajaumia alikuwa amecheza mechi nane tu za msimu, akarusha mipira 18 ya mabao na kupoteza mitano. Unamwachaje? Vikings wameshafika fainali kuu nne, 1970, 1974, 1975 na 1977, wakafungwa zote nne, na Mzee amezitazama zote. Anapokuambia kwotabeki mzuri hapatikani sokoni kama ndizi, ana umri wa kusema hivyo.

Fundi wa Goma alimsikiliza, akatikisa kichwa. Cousins alikuwa na miaka 35, na Oktoba iliyotangulia, kule Green Bay, mshipa wa kisigino ulikatika. "Miye niko fundi," akasema. "Gari ikianza kulia chini, unaiuza mbele mutu mwengine asikie ile sauti."

Mimi nilikuwa upande wa fundi, na bado niko, lakini sababu yangu haikuwa kisigino. Ilikuwa hesabu. Kila timu ina kikomo cha mishahara, mwaka ule dola milioni 255.4, na huwezi kukiruka hata tajiri wako awe na visima vya mafuta. Kwotabeki mkongwe anakula milioni 45 kwa mwaka. Kijana unayemchukua kwenye drafti (ule uchaguzi wa wachezaji wapya, si ile ya vizibo, ingawa nayo tunacheza hapa dukani) analipwa kwa kipimo kilichopangwa. J.J. McCarthy, aliyekuja kuchukuliwa na Vikings mwezi uliofuata, alipata takriban milioni 22 kwa miaka yote minne. Karibu nusu ya mwaka mmoja wa Cousins! Meneja wetu wa wakati huo, Kwesi Adofo-Mensah, ambaye wazazi wake ni Waghana na ambaye alifanya kazi Wall Street kabla ya mpira, hakuhitaji kinyozi amfundishe hilo. Nilihisi tu vizuri kwamba mtu mwenye jina kama letu ndiye aliyeshika kalamu.

"Hesabu haijawahi kurusha mpira," Mzee akasema.

Sikuwa na jibu, nikamwita kijana kitini.

Mchana

Nywele nilimaliza salama. Pembeni nikashusha taratibu mpaka kwenye ngozi, juu nikaacha. Ikabaki laini ya paji la uso, kazi ya kushikilia pumzi. Nilikuwa nimeshika mashine ndogo, pembe ya kushoto tayari, naelekea kulia, simu yake ikatetemeka chini ya kitambaa.

Cousins, Atlanta. Miaka minne, milioni 180, milioni 100 za uhakika.

Alishtuka yeye au nilishtuka mimi, mpaka leo tunabishana. Mashine ilipanda upana wa punje ya mchele. Punje moja ya mchele kwenye paji la uso la kijana wa miaka ishirini na mbili ni shamba zima. Kuisawazisha ilibidi laini yote irudi nyuma. Nilifuta kwa brashi, nikapaka spiriti, nikamgeuzia kioo. Akakitazama kimya, halafu akanitazama mimi.

"Buda. Nilikuambia saa tano usishike wembe."

"Saa tano imepita. Na hii si wembe."

Sikumtoza. Mpaka Idd alikuwa anavaa kofia.

Mzee hakucheka. Alikuwa amekaa tu, mikono magotini, anarudia jina la mji: Atlanta. Wengi wetu wahamiaji tulidhani anahesabu pesa. Kumbe alikuwa Januari 1999. Msimu ule Vikings walishinda mechi 15 wakapoteza moja, na mpigaji wao Gary Anderson hakukosa mkwaju hata mmoja msimu mzima. Alikosa mmoja tu, nyumbani, mechi ya kwenda fainali, dhidi ya Atlanta, na Atlanta wakashinda 30 kwa 27 katika muda wa nyongeza. Mzee siku ile alikuwa kazini, anangoja abiria nje ya uwanja wa zamani. Alisema waliingia basini watu sitini na hakuna aliyetoa sauti, ilikuwa kama kuendesha jeneza.

Kwa hiyo kwake haikuwa habari ya mkataba. Niliona aibu kidogo kwa hesabu zangu za asubuhi.

Saa tisa hadi saa kumi na mbili

Hapa hakuna la kusimulia. Saumu ya siku ya kwanza ina ukungu wake wa alasiri. Nilinyoa watoto wawili na mwanafunzi mmoja, wote kimya. Duka zima lilikuwa linasoma simu: Saquon Barkley ametoka New York Giants kwenda kwa mahasimu wao Philadelphia, Josh Jacobs ameenda Green Bay. Kila dakika kumi mtu anataja jina na bei, kama mnada wa samaki pale Forodhani, ila hapa hakuna anayeondoka na samaki.

Mjadala ulibaki mmoja: nani atarusha mpira sasa? Jina la Darnold lilitajwa na kijana, nalo halikupokelewa vizuri. Alichaguliwa wa tatu mwaka 2018 na Jets, wakamchoka, akaenda Carolina, wakamchoka, akawa wa akiba San Francisco. Hapo ndipo Mzee aliposema lile la kubeba maji. Wiki ileile Vikings wakamchukua kwa mwaka mmoja, milioni 10.

Mnajua kilichofuata. McCarthy aliumia goti Agosti, Darnold akaanza yeye, akashinda mechi 14 na kupoteza 3. Cousins alikaa Atlanta mpaka Desemba akawekwa benchi, maana wiki sita tu baada ya kumpa zile pesa walikuwa wamemchagua kijana mwingine, Michael Penix, wa nane kwenye drafti. Fundi wa Goma amedai chai ya bure tangu hapo. Lakini Darnold naye, mechi ya mchujo Januari hii dhidi ya Rams, aliangushwa mara tisa tukatolewa, na sasa kaenda. Mzee anasema tutajuta. Mara hii sibishani naye kwa haraka.

Saa moja na robo, magharibi

Adhana ilisikika mpaka dukani. Hapa Minneapolis tangu 2023 halmashauri imeruhusu adhana zote tano mwaka mzima kwa vipaza sauti. Mwenye duka alitoa tende na sambusa za nyumbani kwake. Mzee alikuwa bado yupo, akapewa tende tatu, akala moja, mbili akazitia mfukoni kwa ajili ya mkewe.

Kijana wa Eastleigh akapanda kwenye kiti changu, viatu mkononi, kofia imeshukia masikioni, anyooshe mkono kuiteremsha jezi namba 8.

"Acha," mwenye duka akamwambia, mdomo bado una sambusa. "Hajatia sahihi. Mpaka Jumatano saa tisa ni wetu."

Akashuka. Nikachukua ufagio, nikaanza na nywele zake.