Kichwa cha tripodi kilichokuwa kikiinama

Mwaka 2017, nilipokuwa nikipiga picha za harusi mjini Tanga, nilinunua kwa mtu tripodi iliyokwisha kutumika, yaani stendi ya kamera ya miguu mitatu, ambayo miguu yake ilikuwa mizima lakini kichwa chake cha gololi, kinachoiwezesha kamera kuinamishwa kila upande kisha kukazwa kwa kitasa, hakikushika. Hata ukikaza kitasa mpaka kiganja kiume, kamera yenye lenzi ya milimita 70–200, ambayo kwa pamoja ilikaribia kilo 2.5, iliendelea kushuka polepole kama mzee anayesinzia kibarazani.

Nilikipeleka nyumbani kwa mjomba, fundi wa saa, ili tukifungue pamoja. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, alichora kwa sindano mstari mwembamba kutoka kwenye kitako hadi kwenye mwili wa kichwa. "Mjomba," aliniambia, "usipoweka alama sasa, wakati wa kurudisha utabahatisha."

Skrubu inayoshika kibanio cha juu, kinachobana kamera, ilikuwa imetiwa gundi kiwandani, na ukiilazimisha ikiwa baridi, tundu lake huliwa. Aliigandamizia ncha ya moto ya solda mpaka gundi ikalegea, kisha spana ya L ikaizungusha bila taabu. Tulitoa kitasa, tukafungua kitako, na gololi ikatokea kwa chini.

Hapo ugonjwa ukajulikana. Katika kichwa kama kile, kitasa husukuma kabari, kabari huinua kikombe kilicho chini ya gololi, na kikombe huigandamiza gololi kwenye pete iliyo juu yake; kinachobeba mzigo wote ni msuguano wa nyuso hizo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameitia mafuta, bila shaka kwa nia njema ya kuilainisha, na mafuta yale yakanasa mchanga wa ufukweni yakawa uji mweusi. Gololi ile ilitakiwa iwe kavu kabisa. Tuliifuta kwa spiriti, na pete ya plastiki tukaiosha kwa maji ya sabuni. Msasa hatukuutumia ingawa mikwaruzo ilionekana, kwa sababu gololi ikipoteza umbo lake hata kidogo, hubana upande mmoja na kulegea mwingine.

Kibanio cha zamani kilipokea aina moja tu ya bamba, kile kipande bapa kinachofungwa chini ya kamera, ambalo sikulipata dukani. Badala yake niliweka kibanio cha mtindo wa kampuni ya Arca-Swiss, ambacho bamba zake, zenye upana wa takriban milimita 38, hutengenezwa na viwanda vingi. Kwa kuwa tundu lake lilikuwa pana kuliko skrubu yetu, fundi mkerezaji wa jirani alituchongea washa ya shaba yenye ngazi, ikakaa katikati sawasawa.

Grisi tuliipaka mahali pamoja tu, kwenye kitako kinachogeuza kamera kushoto na kulia, na mjomba akafuta kingo zote ili isipande hadi kwenye gololi. Kisha tulielekeza lenzi kwenye msumari wa ukutani, tukaenda kula. Tuliporudi, msumari ulikuwa bado katikati ya fremu, na kitasa nilikuwa nimekikaza kwa vidole viwili.