Daktari wa meno aliyemuuliza mke wangu

Msimu wa korosho wa 2018, ule ambao serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba, mimi nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi kimoja huku Mtwara. Ndipo jina la mlevi liliponikaa. Nilisinzia kalamu mkononi, gunia la mzee mmoja liko juu ya mizani, nikaandika 78 badala ya 87. Mzee hakupiga kelele. Aliinama, akaninusa mdomo mbele ya foleni nzima, akasema, "Uraka wa leo mkali."

Sijawahi kuonja uraka, ile pombe ya mabibo. Lakini msimu ule mabibo yamezagaa kila uwanja, harufu yake iko hewani, na mtu anayesinzia saa nne asubuhi atanuka tu hata kama hanuki. Jioni habari zilifika nyumbani kabla yangu.

Kilichonipeleka kwa daktari wa meno si usingizi, ni gego. Lilikatika kipande nikitafuna muhogo wa kuchemsha, tena laini. Mke wangu akasema twende wote mjini, ana shida zake sokoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yangu, maana peke yangu ningezibwa jino nikarudi zangu.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Akanipa shikamoo, akanilaza kwenye kiti, akatazama lile gego, kisha akaendelea kutazama ambayo sikumwonyesha. Nitoe ulimi. Niseme "aa". Akanyamaza.

"Baba, kilimi chako sikioni kabisa. Na ulimi una alama za meno pembeni, kama ukingo wa sambusa. Meno nayo yamesagika. Huwa unasaga meno usiku?"

Nikamjibu nitajuaje, na mimi nimelala.

Akageukia benchi alipokaa mke wangu na kikapu chake. "Mama, huyu akilala anakuwaje?"

Mke wangu akaingiza mkono mkobani akatoa tasbihi. Nilidhani anataka kuniombea dua.

"Kukoroma si neno, tumeshazoea, hata mbuzi wamezoea," akasema. "Neno ni pale anapokata. Anakoroma, mara kimya. Kifua kinapanda, kinashuka, lakini hewa haitoki. Basi mimi nahesabu subhanallah. Kumi na tano, ishirini. Kuna usiku ilifika thelathini na moja, zimebaki punje mbili duru iishe. Halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, anakoroma tena. Naanza upya."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tuhamie nyumba ya bati."

Miaka sita. Kila asubuhi nilikuwa naiona tasbihi ile juu ya mto wake nikijisemea kimoyomoyo kwamba nimeoa mcha Mungu kupita kiasi.

Daktari akanieleza kwa mkono wake, kiganja kikiwa ulimi. Ukilala chali misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Ubongo ukiona pumzi haiji unakuamsha nusu, sekunde chache tu, wewe huna habari. Asubuhi unahesabu saa nane za kulala, kumbe umekuwa ukipigana mieleka. Marehemu mama aliita jinamizi, akaniwekea kisu chini ya mto. Lakini yule binti hakutaka kuupa ugonjwa jina. Akasema hilo si la daktari wa meno, lazima nipimwe nikiwa usingizini. Akaziba gego, akaandika barua ya kwenda Dar es Salaam kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Dar sina mengi ya kusema. Zaidi ya kilomita 500 za basi, nilizilala zote. Nikalazwa usiku mmoja na mikanda kifuani, kibano kidoleni, vimrija puani. Majibu: pumzi inakwama mara 22 kwa saa. Kuanzia 15 hadi 30 wanaiita hali ya wastani. Ikizidi 30 ndiyo kali. Wakanionyesha mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha, dawa yenye nguvu kuliko zote kwa ugonjwa huu. Nikaigusa, nikauliza bei, nikakumbuka na umeme wetu ulivyokuwa ukikatika miaka ile, nikairudisha mezani kwa heshima. Daktari akasema kwa hali ya wastani ipo njia nyingine, na njia yenyewe ilikuwa inanirudisha kwa yule binti.

Alinijaza mdomoni trei ya chuma yenye uji wa rangi ya waridi, baridi, unaoganda ukikaa, ili apate umbo la meno yangu la kutengenezea kifaa cha kuvaa usiku. Akaniambia nipumulie puani nisitapike, na ili nisahau kutapika akanipigia hadithi kwamba unga wake unatokana na mwani. Si huu wanaolima akina mama wa pwani yetu, ni wa kahawia, wa bahari za baridi. Kisha akapima na rula ninavyoweza kusogeza taya la chini mbele. Milimita 9. Akasema tutaanza na 5, tutaongeza taratibu.

Kifaa kilitengenezwa Dar kikaja na basi: vipande viwili vya plastiki ngumu, cha juu na cha chini, vimeungwa kwa skrubu ndogo pembeni. Kazi yake ni moja, kuling'ang'aniza taya mbele ili ulimi usipate nafasi ya kurudi. Akanionya: mate yatakutoka kama mtoto, taya litauma asubuhi, meno yatakutana vibaya mpaka utafune kidogo, na meno yanaweza kusogea baada ya miaka, kwa hiyo nirudi aniangalie. Yote yametokea isipokuwa hilo la mwisho. Nilipopimwa tena baada ya miezi minne, 22 ilikuwa imeshuka hadi 7.

Lakini ninaoukumbuka ni usiku wa kwanza. Nilikivaa nikiwa na mashaka, nikajiona kwenye kioo nafanana na papa. Mke wangu akacheka, akaizima taa.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapenya dirishani na mto umelowa mate. Mbuzi wanalia njaa. Nikatafuta tasbihi juu ya mto wake, haipo. Iko ukutani, kwenye msumari alikoitundika jioni. Mwenyewe amelala ubavu, mdomo wazi, mtu ambaye sijawahi kumtangulia kuamka. Nikamtikisa bega.

"Mke wangu, amka. Thwala imetupita."

Akafungua jicho moja. "Imetupita nini?"

"Thwala."

Akajifunika kanga usoni, na godoro zima likawa linatikisika kwa kicheko chake.